Kilo Moja na Robo, Mazoezi ya Nini? Fiziotherapia ya Mtoto Njiti kwa Lugha ya Nyumbani

"Kilo moja na robo, mazoezi ya nini? Akanyanyue vyuma?"

Aliyeuliza ni mama mkwe wa mdogo wangu. Alikuwa ameshuka stendi ya Nanenane, hapa Dodoma, asubuhi hiyo akitokea Kongwa, mkononi kifuko cha karanga, begani kanga mbili mpya za mjukuu. Alipofika wodini akaambiwa mkwe wake yuko ndani na "daktari wa mazoezi". Kina mama waliokaa kwenye benchi la korido walicheka. Nami nilicheka, kisha nikagundua kwamba sina jibu. Kwangu mimi fiziotherapia ilikuwa ya mzee aliyepata kiharusi, ya dereva wa bodaboda aliyevunjika mguu, ya mchezaji wa Dodoma Jiji aliyeteguka goti. Kwa mtoto ambaye nepi ndogo kuliko zote dukani inamfika kwapani, sikuwahi kuifikiria.

Tangu siku hiyo swali lile nimelisikia saluni, ndani ya bajaji, hata ofisini kwetu, hasa baada ya Bunge kupitisha, mapema mwaka 2025, marekebisho ya sheria za kazi yanayogusa likizo ya wazazi wa watoto njiti. Watu wakaanza kuulizana. Njiti ni yupi hasa? Mama akae nyumbani wiki zote hizo akifanya nini? Na hayo mazoezi ni kitu gani? Nimekuwa mama mkubwa wa mtoto mmoja wa aina hiyo kwa karibu mwaka mzima, nikibeba mikoba, nikishika foleni na kusikiliza. Haya ndiyo niliyoyaelewa.

Njiti ni nani

Mimba huhesabiwa kwa wiki, kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na iliyokomaa hufika wiki 40 hivi. Mtoto anayezaliwa hai kabla ya kutimia wiki 37 ndiye njiti. Ndani ya kundi hilo wanatofautiana sana. Wa wiki 35 anaweza kunyonya mwenyewe na kwenda nyumbani baada ya siku chache. Wa wiki 28 amezaliwa huku mapafu, ubongo, macho na ngozi vikiwa bado katikati ya kazi. Kwa hiyo mtu akikwambia amejifungua njiti, swali lenye maana ni "wiki ya ngapi?", kabla ya "kilo ngapi?". Uzito unaweza kukupoteza. Mtoto aliyetimiza wiki 39 akazaliwa na kilo mbili si njiti. Huyo ana uzito pungufu, yaani chini ya kilo 2.5, na sababu zake mara nyingi ni nyingine.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa kabla ya wakati duniani, karibu mmoja katika kila kumi. Mkosi wa ukoo usingeenea dunia nzima namna hiyo.

Kuna jambo moja ningependa tuachane nalo hapahapa: kwamba wa miezi saba huishi, wa miezi nane hakai. Wagiriki wa kale nao waliliamini, kwa hiyo si letu peke yetu, ila umri wa uongo haugeuzi uongo kuwa kweli. Kila wiki mtoto anayoongeza tumboni, mimba ikiwa salama, humwongezea nafasi ya kuishi na ya kukua vizuri. Wa miezi minane yuko mbele ya wa saba, hakuna hesabu inayosema vinginevyo. Nimesikia mtu mzima akiyasema hayo mbele ya mama mwenye mtoto wa miezi minane kifuani. Mama yule hakujibu, aliinamisha uso tu akarekebisha kanga.

Hata jina lenyewe sina mapenzi nalo sana. Njiti ni kile kijiti cha kiberiti. Zamani walisema "mtoto wa chupa", kwa sababu ya ile mashine ya joto yenye vioo. Kijiti cha kiberiti kina watu wa aina mbili: anayeogopa kukishika kisivunjike, na anayetaka kukinyoosha. Katika ukoo wetu tulikuwa nao wote wawili, mdogo wangu na mama mkwe wake.

Abiria wa daladala iliyojaa

Ili kuelewa fiziotherapia inafanya nini, fikiria wiki za mwisho tumboni. Mtoto amekua, nafasi imekwisha. Yuko kama abiria wa daladala ya jioni: magoti kifuani, mikono mbele, kidevu chini, amebanwa pande zote. Akisukuma mguu, ukuta wa mji wa mimba unamrudisha. Anasukuma tena, anarudishwa tena. Huo ndio uwanja wake wa kwanza wa mazoezi. Kule kukunjwa na kusukumana kwa wiki nyingi ndiko kunakompa mtoto aliyetimiza siku zake ile hali unayoiona anapozaliwa: amejikunja, ngumi mdomoni, ukimnyoosha mguu unarudi wenyewe.

Njiti ameshuka kabla daladala haijajaa. Amekuta stendi tupu, na juu yake kuna kitu ambacho tumboni, ndani ya maji, hakukisikia hivi: uzito wa dunia. Ukimlaza chali juu ya shuka tambarare, mikono inaanguka pembeni, miguu inafunguka kama ya chura aliyekanyagwa, kichwa kinalala upande mmoja. Akiachwa hivyo wiki baada ya wiki, misuli ya mgongo inazoea kuvuta nyuma, mabega yanakazana kurudi, kichwa kinabonyea ubavuni, na mikono haijui njia ya kufika mdomoni.

Hapo linakuja neno ambalo wataalamu hulitumia kutwa: ukakamavu wa misuli. Si nguvu. Ni ule mvutano ambao misuli inakuwa nao hata ukiwa umepumzika. Chukua kamba ya kuanikia nguo. Ikilegea, shuka zinaburura chini. Ikikazwa kupita kiasi, inakatika au inang'oa msumari. Njiti wengi huanza na kamba iliyolegea, na hilo ni la kawaida kwa umri wao. Wachache, kwa sababu ubongo ulipata shida ya damu au hewa, baadaye kamba yao hukaza. Kazi ya awali ya mtaalamu ni kumpa mtoto nafasi ya kujikunja ambayo hakuipata, na kuiangalia hiyo kamba inavyobadilika mwezi hadi mwezi.

Mikono isiyofanya kitu

Siku ile bibi wa Kongwa aliruhusiwa kuingia baada ya kunawa hadi kwenye viwiko. Mtaalamu alikuwa binti mdogo, nadhani hajafika miaka 30. Alisugua viganja vyake mpaka vikapata joto. Kisha akaweka kiganja kimoja kwenye utosi wa mtoto, kingine akakikunja chini ya nyayo na makalio, akatulia. Hakuvuta, hakusugua, hakutikisa. Ilipita kama dakika nzima.

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo?" bibi akanong'ona.

"Ndiyo hii, bibi. Mwangalie mkono."

Mkono wa kulia, usiozidi ukubwa wa kidole changu cha kati, ulikuwa umetanuka, vidole wazi kama mtu anayesimamisha gari. Taratibu vidole vikajikunja. Mkono ukapanda kifuani, ukatafuta, ukafika mdomoni. Pumzi zikatulia. Binti akaeleza kwamba vidole vile vilivyotanuka ni maneno: mtoto anasema nimezidiwa. Kupiga miayo mfululizo, kwikwi, chafya, kubadilika rangi, kukunja uso, kugeuza macho pembeni, kujipinda nyuma, yote ni sentensi ileile. Ukiona hivyo unasimama, unamshika, unamsubiri. Akiwa macho, ametulia, anakutazama, hapo ndipo unaweza kuzungumza naye au kumgeuza.

Baada ya hapo akachukua moja ya zile kanga mpya, akaiviringisha kwa urefu, akaizungusha duara. Bibi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ateremke basini. "Hiyo si ngata?" Naam, ngata, ile ya kutwikia ndoo kichwani, ila kubwa. Mtoto aliwekwa katikati, miguu ikipata ukingo wa kusukuma, mabega yakisogezwa mbele, mikono ikikutana kifuani. Wodini, chini ya macho ya wauguzi, njiti hulazwa hata ubavu au kifudifudi ndani ya ngata hiyo. Nyumbani mambo hubadilika: mtoto anayelala usingizi hulazwa chali, sehemu tambarare, bila mito wala kanga zilizoviringishwa karibu na uso wake. Niliposikia hilo nililiandika kwenye simu, kwa sababu ni rahisi sana kuhamisha ya wodini kuyaleta chumbani.

Basi hiyo ndiyo fiziotherapia ya mwanzo: mkao, mguso, na kusoma lugha ya mtoto. Neno "mazoezi" ndilo lililotuchanganya.

"Samaki mkunje"

Bibi hakuwa amekubali. Alikuwa na methali yake tayari: samaki mkunje angali mbichi. Kwao mtoto akishaogeshwa maji ya moto anakandwa, anavutwa mikono, anapishanishwa miguu, ananing'inizwa kidogo, anakuwa imara. Wanawe sita walilelewa hivyo na wote wanalima.

Binti alijibu kwa heshima, lakini alijibu: "Bibi, huyu bado hajawa samaki. Huyu ni yai."

Mifupa ya mtoto hupata sehemu kubwa ya madini yake, hasa kalisiamu, katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Aliyezaliwa wiki ya 30 ameikosa kwa kiasi kikubwa. Mifupa yake ni myembamba, na kuvutwa ambako mtoto wa kilo tatu na nusu angekuvumilia kunaweza kumvunja mbavu au paja. Viungo vyake vimelegea kwa umri, havikugoma, kwa hiyo hakuna cha kunyoosha. Maji ya moto nayo yanamwondolea joto haraka akitolewa kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu ngozi ni nyepesi na mafuta chini yake ni kidogo sana.

Kupigapiga kifua ili makohozi yatoke nako kumewahi kuwa sehemu ya fiziotherapia yenyewe, tena hospitalini. Miaka ya 1990 huko New Zealand, madaktari waliona majeraha ya ubongo yasiyo ya kawaida kwa baadhi ya njiti wadogo sana, wakayahusisha na kupigwapigwa kifua mara nyingi huku kichwa kikitikisika. Wataalamu wakabadilika. Nalitaja kwa sababu bibi aliposikia kwamba hata wenye makoti meupe wamewahi kukosea, aliacha kuona kwamba ni yeye tu anayesahihishwa. Kumpaka mafuta kwa kiganja kilichotulia, mtoto akiwa ameshapata uzito na wauguzi wamesema sawa, hakuna ubaya. Bibi amebaki na hilo, na analifanya vizuri kuliko sisi wote.

Kifua cha mama, na cha baba

Mkao bora kuliko ngata ni kifua cha binadamu. Mtoto avue nguo, abaki na nepi, kofia na soksi, awekwe wima katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande na kuinuliwa kidogo ili njia ya hewa isijikunje, kisha afungwe kwa kitenge kilichokaza vizuri. Ndiyo kangaruu. Njia hii ilianza Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey Sanabria, wakati mashine za joto zilikuwa chache na watoto wengi. Wapo bado wanaodhani ni mbadala wa maskini. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, kwa watoto wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya 1.8. Waliowekwa kangaruu mapema baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie kwanza, vifo vyao vilipungua kwa takriban robo kuliko vya waliosubiri. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri kangaruu ianze mara moja na iendelee saa 8 hadi 24 kwa siku.

Pale kifuani mtoto anapata joto, harufu ya maziwa, mapigo ya moyo anayoyajua, na zaidi ya hapo anapata ile daladala yake iliyojaa. Kila mama anapopumua, mtoto anajirekebisha kidogo. Kila anapoinua kichwa kuutafuta uso wa mama, shingo inafanya kazi. Ukiwa kwenye kiti umeegemea nyuma, kangaruu ni mazoezi na mapumziko kwa pamoja.

Na kifua si lazima kiwe cha mama. Shemeji yangu, fundi wa kuchomelea mageti, alikaa siku tatu akisema ataanza kesho. Siku ya nne mkewe alihitaji kulala, akavua shati. Alikaa saa mbili bila kusogea, jasho linamtiririka, akaniuliza kwa sauti ya chini kama anaruhusiwa kukohoa.

Dodoma ina lake hapa. Juni na Julai upepo wa usiku unapita chini ya mlango, na watu huingiza jiko la mkaa chumbani "mtoto asipate baridi". Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, inaua. Chupa za maji ya moto pembeni ya njiti nazo zimechoma wengi. Kifua, kofia na blanketi juu ya wote wawili vinatosha.

Umri wa kadi na umri wa hesabu

Nyumbani ndiko vita vilipohamia. Mtoto alipofika miezi sita, jirani wa Nzuguni, mwenye mtoto aliyezaliwa wiki moja na wetu, alisimama mlangoni akamwangalia wetu na kusema, "Bado hakai?" Ni maneno mawili tu, lakini mdogo wangu hakula siku ile.

Njiti ana umri wa aina mbili. Sisi nyumbani tunaita umri wa kadi na umri wa hesabu. Wa kadi ni tangu alipozaliwa. Wa hesabu ni tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Wetu alizaliwa wiki ya 31, yaani wiki 9 kabla. Miezi sita ni wiki 26. Ukitoa 9 zinabaki 17, kama miezi minne. Mtoto wa miezi minne hakai mwenyewe, hakuna anayemtegemea akae, na wetu alikuwa anafanya sawasawa na wa miezi minne: anashika kichwa, anacheka, anafuata kijiko kwa macho. Jirani alikuwa analinganisha mahindi ya Desemba na ya Februari. Wataalamu hutumia umri wa hesabu mpaka mtoto afike miaka miwili hivi. Baada ya hapo tofauti haionekani sana. Ila chanjo hufuata umri wa kadi. Usizicheleweshe ukidhani unamsahihishia mtoto hesabu.

Mazoezi ya nyumbani tuliyopewa yangeingia kwenye nusu ukurasa. Akiwa macho, alale kifudifudi juu ya kifua chako, dakika chache mara nyingi kwa siku, kisha polepole juu ya mkeka. Uso wako uwe umbali wa shibiri moja na nusu, sogea kulia, subiri macho yafuate, sogea kushoto. Badilisha mara kwa mara upande anakoweka kichwa kitandani ili taa na mlango visiwe upande uleule kila siku. Kutanisha mikono yake kifuani unapombadilisha nepi. Unapomnyanyua, mviringishe ubavu kwanza, usimvute kwa mikono. Akishashika kichwa vizuri, mgongoni kwa kanga, miguu imezunguka kiuno chako, ni mahali pazuri kwa nyonga zake na kwa shughuli zako. Kigari cha kujifunzia kutembea, kile cha magurudumu, usinunue. Hakifundishi kutembea, kinachelewesha na kuangusha. Kanada walipiga marufuku kuviuza tangu mwaka 2004. Na yale ya kumchimbia mtoto shimo asimame mchangani yasiwepo.

Nilimuuliza yule binti kwa nini hatuji kila siku. Alisema, "Mimi namwona nusu saa kwa mwezi. Nyinyi mnamvisha, mnamwogesha, mnamgeuza mara ngapi kwa siku?" Nikahesabu kichwani nikaishia njiani. Kazi yake hasa ilikuwa kutufundisha mikono yetu.

Kinachowezekana na kisichowezekana

Fiziotherapia haiwezi kufuta jeraha la ubongo lililokwisha kutokea. Atakayekuambia mtoto hatapata mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa mwendo na misuli unaotokana na jeraha kama hilo, kwa sababu ameanza mazoezi mapema, anakuuzia kitu. Hatari ya mtindio huongezeka kadiri mtoto anavyozaliwa mapema zaidi, na hata hivyo njiti wengi hawaupati. Tafiti nyingi zilizounganishwa pamoja zinaonyesha kwamba programu za mapema zinazomshirikisha mzazi huinua uelewa wa mtoto katika miaka ya mwanzo, hugusa misuli kwa kiasi kidogo, na baadhi humtuliza mzazi mwenyewe. Mimi naona hiyo si haba.

Faida nyingine kubwa ni jicho. Mtoto anayeonwa mara kwa mara hugunduliwa mapema. Siku hizi mtaalamu aliyefunzwa anaweza, kwa kuangalia dakika chache za video ya mtoto akiwa chali, macho, hachezeshwi na mtu, katika miezi mitatu hadi mitano ya umri wa hesabu, kuona kama ile michezo midogomidogo ya shingo, viwiko na vifundo ipo au haipo. Ikikosekana, pamoja na vipimo vingine, mtindio unaweza kutambuliwa kabla ya miezi sita. Miaka ya nyuma familia nyingi zilikuwa zikiambiwa "ataamka mwenyewe" mpaka mtoto afike miaka miwili.

Miaka miwili hiyo ina thamani. Huku kwetu mvua ikikata njia kwa korongo, wanakijiji hawalali. Wanapasua njia nyingine pembeni, na ikipitwa kila siku inakuwa barabara. Ubongo mchanga hufanya hivyo kuliko wa mtu mzima, ila njia lazima ipitwe.

Kwa hiyo, kwa umri wa hesabu, usingoje kliniki ijayo ukiona haya: miezi mitatu na hafuati uso kwa macho wala hashtuki kwa sauti, miezi minne na kichwa bado kinaanguka, ngumi zimefungwa muda wote, gumba limefichwa ndani, miguu inakaza na kupishana kama mkasi, anatumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, miezi tisa na hawezi kukaa. Macho ya njiti wadogo nayo yanahitaji kuangaliwa na daktari wa macho wiki chache tu baada ya kuzaliwa, hasa kama walitumia oksijeni. Uliza kabla ya ruhusa ya kwenda nyumbani.

Nasema uliza, kwa sababu sisi tusingeuliza tusingejua. Tuliporuhusiwa, karatasi ilikuwa na tarehe ya kupima uzito na dawa ya kuongeza damu. Kurudi kwa mtaalamu wa viungo hakukuandikwa popote. Muuguzi wa zamu alisema hiyo ni idara nyingine. Bibi ndiye aliyegoma kupanda bajaji. "Yule binti wa ngata," alisema, "atatuona lini?" Tukapewa tarehe.

Mama ambaye hakuna anayemuuliza

Wageni humuuliza mtoto ana kilo ngapi. Mama yake haulizwi kitu, au anaulizwa kwa namna mbaya: ulibeba ndoo? Ulikula nini? Mlikosana na nani? Mara nyingi sababu ya kujifungua mapema haijulikani. Nyingine ni shinikizo la damu, maambukizi, mimba ya pacha, kondo la nyuma lililokaa vibaya. Mtu wa kulaumiwa mara nyingi hayupo, na hilo kwa familia nyingine ndilo gumu kulikubali.

Mdogo wangu alikuwa akikamua maziwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, kwa mtoto anayelishwa kwa mpira, huku akiogopa kumpa jina. Wiki ya tatu aliacha kuoga. Tulidhani ni uchovu. Kumbe ni sonona, na kwa mama wa njiti huja mara nyingi zaidi kuliko kwa wengine. Kulia kila siku kwa zaidi ya wiki mbili, kukosa usingizi hata mtoto akilala, kutomtamani mtoto, kuwaza kwamba afadhali usingekuwepo: hayo yanahitaji daktari. Kilichoanza kumrudisha, mbali na ushauri, ni mama mwenzake wa kitanda cha pili aliyemwonyesha picha ya kwanza yake, njiti wa wiki 29, akiwa na sare ya chekechea.

Narudi kwenye likizo. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 zenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kabla ya marekebisho, aliyejifungua wiki ya 30 alitumia siku 70 kabla hata ya kufikia tarehe aliyotarajia kujifungua. Zilibaki 14. Marekebisho ya 2025 yalitazama hilo pengo, na mwajiriwa anafaa kumwomba ofisa utumishi amwandikie hesabu yake. Ila muuza mboga wa Sabasaba na mkulima wa Chamwino hawana ofisa utumishi. Kwao likizo ni shemeji atakayechota maji, jirani atakayekaa na genge, na nauli ya kurudi kliniki.

Wiki iliyopita tulikwenda tena. Bibi alikuwepo, karanga zake mfukoni. Yule binti alikuwa na zamu sehemu nyingine, tukampata kijana mgeni. Akafungua faili, akamtazama mtoto aliyekaa juu ya mkeka akigonga vifuniko viwili vya ndoo, akauliza, "Ana miezi mingapi huyu?"

Mdogo wangu alifungua mdomo. Bibi akamtangulia: "Ya kadi au ya hesabu, baba?"